Ubavu wa Kushoto

Mimi ni fundi viatu, na katika miaka kumi na saba ya kazi sijawahi kumtengenezea mtu kiatu kipya kabla ya kukiona cha zamani. Wateja wengine hukasirika. Wanakuja na picha kwenye simu, wanataka kiatu kama kile, tena kesho, na mimi nawaambia warudi nyumbani wakaniletee walichokivua. Wanasema nina kiherehere. Ninacho, sikatai. Lakini soli iliyolika ina maneno mengi kuliko mwenye kiatu. Niliwahi kumwambia mwalimu mmoja kwamba goti lake la kulia linamsumbua, akanikodolea macho, akauliza nani ameniletea habari zake. Ni kisigino chake ndicho kilichozileta.

Baba yangu ananijua hivyo tangu nikiwa mdogo. Kwa hiyo Jumamosi ile alipolisimamisha gari mbele ya banda langu, akapiga honi mara mbili na kusema, "Funga kazi, tunakwenda kumnunulia Kontena viatu," nilijibu kama ninavyomjibu kila mtu.

"Nione kwanza vya zamani."

"Vya nini? Vimekwisha. Panda twende."

Kontena ndilo gari lake. Ni gari kubwa jeupe, refu kunizidi, zito kiasi kwamba likipita mbele ya banda misumari yangu inacheza kwenye kopo. Alilinunua alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kupima barabara, miaka thelathini nyuma ya darubini ya miguu mitatu, na alisema mtu aliyewapimia wenzake njia maisha yake yote ana haki ya kuzipita mwenyewe. Kila wiki alikwenda nalo shambani na mama, kilomita tisa za lami na tano za mawe na makorongo. Ana miaka sabini na tatu. Mdogo wangu wa kike, anayeishi mji wa pili, kila akipiga simu haishi kusema gari hilo liuzwe. Baba humjibu kwamba siku watakayoliuza wamuuze na yeye humo humo ndani, kama kiti.

Nilifunga banda. Nilipozunguka nipande mbele nilikuta baba amelisimamisha gari kwa namna ya ajabu. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umeubana ua wa miti wa jirani mpaka matawi yameingia kwenye kioo cha pembeni. Mlango wa mbele wa abiria usingefunguka hata kwa shoka. Ikabidi nipandie nyuma, mlango wa kulia, nikajinyoosha kama mheshimiwa.

"Dereva," nikamwambia, "nipeleke kwenye mkutano."

Hakucheka. Baba huyu anacheka hata matangazo ya sabuni.

Kiti cha mbele kushoto, hata hivyo, si changu. Ni cha mama. Lakini mama hakuwepo, alikuwa kwa mdogo wangu, aliyejifungua wiki tano zilizopita, na kesho yake, Jumapili, baba alikuwa aende kumchukua. Alitaka matairi mapya yawe yamefungwa kabla ya hapo. "Leo leo," alisema njiani. "Si kesho asubuhi. Leo." Nikadhani anataka kumfurahisha mama. Wanaume wengine hununua kitambaa.

Mama ndani ya gari tunamwita Redio. Nyumbani ni mtu wa maneno machache na sauti ya chini, unainama kumsikia. Akishapanda Kontena anaanza kutangaza, kwa sauti ileile ya chini: "Mti. Mama na ndoo. Baiskeli. Baiskeli mbili. Mbuzi, huyo mbuzi bado anafikiria." Zamani hakuwa hivyo. Alianza mwaka jana, na sisi tukaona ni uzee tu, tukawa tunamwigiza kwenye simu na kucheka mpaka machozi. Baba peke yake hakuwahi kumwambia anyamaze.

Duka la matairi liko nyuma ya kituo cha mafuta. Ni chumba kirefu cha mabati, matairi yamepangwa mpaka darini, na ndani kuna harufu ya mpira mpya ambayo mimi naipenda kuliko manukato. Muuzaji alikuwa mwembamba, kalamu sikioni, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Baba alilisimamisha Kontena uani, ubavu wa kushoto karibu na ukuta. Nilimwona muuzaji akichungulia ule mwanya, kisha akatuangalia sisi.

"Mzee wangu, karibu. Dada, karibu. Gari zito hili. Linapita wapi?"

"Shambani," baba akasema.

"Lami kiasi gani, mawe kiasi gani?"

"Tisa kwa tano."

Muuzaji akafurahi, kama daktari aliyepata mgonjwa anayejieleza. Akatuonyesha. Kuna tairi la lami tupu, uso wake laini wenye mifereji myembamba. Kuna la matope tupu, meno makubwa yenye nafasi pana, yanayotema udongo yakizunguka. Katikati kuna aina anayoiita ya njia zote, nayo ina ndugu wengi. "Watu wanapenda la matope kwa sababu linatisha," alisema. "Wanalifunga, wanakwenda nalo benki. Miezi kumi na minane limekwisha, na njia nzima wamelalamika kelele."

Nilikuwa nimekwisha kuvutika. Mimi matairi huyajua yakishakufa, ninapoyakata kwa soli za viatu vya kazi, na sikujua kama yana akili kiasi hicho yakiwa hai. Nikaanza kupita kwenye safu nikiyabonyeza kwa kidole gumba. Nikalipata moja pembeni, mpira wake laini, unakunjika vizuri, meno yamekatwa kwa mkono mzuri. Nikaliburuta mpaka mbele yao.

"Hili," nikasema. "Msipoteze muda."

Muuzaji alijikaza, akashindwa. Alicheka mpaka kalamu ikamtoka sikioni.

"Dada, hilo ni la gari dogo la kwendea sokoni. Ukilifunga kwenye hilo jumba lenu litalala chali kabla ya kona."

"Mpira wake ni mzuri."

"Mzuri sana. Lakini wewe unapima kiatu. Kiatu kinabeba kwa soli. Hili linabeba kwa upepo, na upepo unashikwa na ubavu." Akanionyesha namba ndogo iliyochapwa pembeni, inayosema tairi hilo linaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani, na kwenye tairi la njia zote namba hiyo ikiwa kubwa zaidi. Akanionyesha na tarakimu nne nyingine, wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, maana mpira unazeeka hata ukiwa umekaa dukani haujakanyaga kitu. Hilo nililijua kwa gundi zangu. Nikamwuliza maswali mpaka akaanza kujibu huku akitabasamu peke yake. Nilipotea kabisa humo, na kama si baba ningelala pale.

Baba alikuwa anauliza swali moja tu. Kila tairi lililotolewa hakuangalia meno, hakuuliza kama linashika kwenye utelezi, hakuuliza litadumu miaka mingapi. Alipitisha kiganja pembeni mwa tairi na kusema, "Ubavu wake ukoje?"

Mara ya kwanza sikujali. Mara ya tatu nikamtazama. Mara ya tano nikasema, "Baba, unataka kulivaa au kulilalia?"

"Shambani kuna mawe," akasema.

"Shambani kulikuwa na mawe hata mwaka jana."

Akaomba jingine litolewe. Mwishowe yalibaki mawili. La kwanza lilikuwa na meno makubwa na ubavu mnene wa tabaka tatu, lenye vinundu pande zote. "Hili," muuzaji alisema, "hata ukilisugua na ukuta, ukuta ndio utalalamika." La pili lilikuwa la njia zote pia, linabeba uzito uleule, lakini meno yake madogo yamebanana na ubavu wake ni wa kawaida. "Hili ni la mtu mwenye lami nyingi kuliko mawe, kama nyinyi. Linafika shambani bila wasiwasi, na barabarani ni kimya."

Mkono wa baba ulikuwa tayari juu ya la kwanza. "Kelele zake zikoje?" akauliza.

"Ngojeni mzisikie wenyewe. Yamefungwa kwenye gari langu."

Tukapanda gari lake, baba mbele, mimi nyuma, tukazunguka njia kubwa mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Mwendo ulipopanda matairi yakaanza kuunguruma, sauti nzito inayoingia kwenye meno. Muuzaji alikuwa anaendelea kueleza kitu kuhusu mifereji, nami sikupata hata nusu.

Baba akamgeukia. "Mtu akisema nawe hapa pembeni, unamsikia?"

"Unapandisha sauti tu, Mzee wangu! Utazoea!"

"Mke wangu hapandishi sauti," baba akasema. 

Hapo ndipo udadisi uliponiwasha kweli. Baba yangu alikuwa mtu wa kutazama bonde mara moja na kusema barabara itapita hapa, daraja litakaa pale, na wahandisi wakimaliza vipimo vyao vya wiki mbili wanarudi palepale. Sasa alisimama kati ya matairi mawili kama mtoto aliyeambiwa achague mzazi. Akashika lile, akashika hili. Akarudi kwenye lile. Robo saa ikapita.

"Toeni ya zamani kwanza," alimwambia muuzaji. "Mimi nafikiri." Kisha kwangu: "Binti, nenda kaninunulie maji."

"Kuna maji pale kwenye meza, baba."

"Nataka ya baridi."

Kwa miaka arobaini na moja sijamwona baba akinywa maji ya baridi. Anasema yanamuumiza meno. Nikasema haya, nikaenda. Duka la kituo cha mafuta liko hatua thelathini, friji iko mlangoni. Nilirudi nikiwa na chupa kabla hawajafikiri nimefika.

Kontena lilikuwa juu ya jeki, limesogezwa mbali na ukuta, bila miguu. Matairi mawili ya kulia yalikuwa yamelala palepale, mtu yeyote anayaona. Ya kushoto hayakuwepo. Fundi wa jeki alikuwa anatokea nyuma ya lile banda la mabati akijipangusa mikono, na baba alikuwa anamwitikia kwa kichwa kama mtu aliyetimiziwa ombi. Nikaweka chupa chini, nikapita kwa upande wa pili, nikaenda nyuma ya banda.

Yalikuwa yameegemezwa ukutani, uso umegeuzwa. Nikayageuza.

Meno hayakuwa na shida kubwa. Yamezeeka, kama baba alivyosema, lakini hayakuwa vipara. Nikapiga magoti nikaangalia ubavu, ule unaotazama nje. Kwenye matairi ya kulia, nilikuwa nimeona nikipita, maandishi yote yanasomeka. Huku yalikuwa yamefutika, kama mtu amepiga tupa. Kulikuwa na mikwaruzo mirefu, mmoja juu ya mwingine. Ndani ya mmoja kulikuwa na rangi nyeupe ya ukingo wa barabara. Mwingine ulikuwa na vumbi jekundu la tofali. Kwenye tairi la mbele, mahali mikwaruzo ilipokutana, mpira ulikuwa umevimba, uvimbe wa ukubwa wa nusu ya yai. Nilikuwa nimefundishwa saa ile ile: upepo unashikwa na ubavu. Ubavu ule ulikuwa umekwisha kuachia.

Sasa mpira naujua. Ukiukata leo, kidonda chake ni cheusi na kinang'aa. Baada ya miezi miwili hivi kinakuwa cha kijivu kama sehemu nyingine. Matairi yale yalikuwa ya kijivu kila mahali, miaka mitano ya jua na vumbi. Ila mikwaruzo. Mikwaruzo yote ilikuwa myeusi. Nilitafuta mmoja wa zamani, hata mmoja tu, nikaukosa. Mpaka mwezi mmoja na siku kadhaa zilizopita, gari hili halikuwa limegusa kitu upande wa kushoto. Halafu ghafla lilikuwa limegusa kila kitu.

Wiki tano.

Mti. Mama na ndoo. Baiskeli. Baiskeli mbili. Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipoanza kuhesabu yale ambayo mama alikuwa akiyatangaza, na yote, kila moja nililokumbuka, yalikuwa ya kushoto. Hakuwahi kutangaza kitu cha kulia. Mwaka mzima wa kumwigiza kwenye simu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu nilikumbuka kiti kile ni cha nani, na kwamba kesho atakikalia.

Mteja akija na mguu mbovu simwambii una mguu mbovu. Namwambia, nenda mpaka mlangoni urudi. Nikaenda alipokuwa baba. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anaangalia matairi mawili mapya yaliyosimamishwa mbele yake. Nikachukua chupa ya maji, nikapita nyuma, nikasimama upande wake wa kushoto, karibu kabisa, nikamnyooshea. Hakupokea. Nikaisogeza mpaka usawa wa bega lake. Baba aliendelea kuangalia matairi, akashusha pumzi, akatazama kule nilikoelekea mwanzo, upande wa kituo cha mafuta, kuona kama narudi.

"Baba," nikasema.

Alishtuka mpaka benchi likalia. Akanigeukia kwa kichwa chote, na akaiona chupa, na akaona nimekuwa nikiishika kwa muda gani.

Nikakaa.  Mashine ya upepo ilikuwa inakoroma kule ndani.

"Mama akisema 'mti'," nikauliza, "wewe unauona huo mti?"

"Inategemea mti."

"Baba."

"Siuoni," akasema. "Nauona ukishapita."

Akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma vipimo. Mwaka jana alikwenda kwa daktari wa macho na mama. La kushoto lilikuwa limekwisha kwenda, kilichobaki ni mwanga kidogo kwenye pembe, na kilichokwenda hakirudi. La kulia lilikuwa linapewa dawa ya matone ili lisifuate. "Miaka thelathini nilikuwa nalifumba jicho la kushoto nipime barabara," alisema. "Sasa limezoea." Akanitazama kuona kama nitacheka. Nilicheka, kisha nikaona sicheki, nalia.

"Kwa hiyo mama ndiye aliyekuwa anaona upande ule."

"Hajawahi kukosea hata mara moja. Mimi nashika usukani, yeye anashika kushoto. Ungekuwa barabarani ungesema ni mtu mmoja anaendesha."

"Na alipoondoka?"

Akaelekeza kidevu nyuma ya banda. "Umekwisha kuona."

"Ungeacha gari nyumbani, baba!"

"Nilijiambia nitakwenda polepole."

Hasira zilinipanda, na sikuzizuia. Nikamwambia kwamba tairi la mbele kushoto lilikuwa limevimba na lingeweza kupasuka siku yoyote, na kwamba alitaka kuficha mikwaruzo isionekane na mama, anunue ubavu mgumu ili safari ijayo mikwaruzo isionekane na mtu kabisa, kisha kesho amkalishe mama upande uleule. Nikamwambia nimetengeneza viatu vya watu wenye miguu ya kila aina, na sijawahi kumpa mtu soli ngumu ili asijue mguu wake unauma. Muuzaji alichungulia kutoka ndani, akarudi haraka.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na lile la kelele lingemziba mdomo. Hilo ndilo nililokuwa nafikiria. Lile linanilinda nikigonga. Hili linaniacha nimsikie nisigonge." Akatikisa kichwa. "Robo saa nzima nimekaa hapa, na sikujua nilichokuwa nachagua."

"Kwa nini ulinichukua mimi? Ulijua nitaangalia."

"Nilitaka uone," akasema. "Na nilitaka usione. Yote mawili."

Nilimshika mkono. 

"Nikikupa huo ufunguo," akauliza, "mimi nitakuwa nani?"

 Nililitafuta jibu kweli, na nikaona chochote nitakachosema kitakuwa cha kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.  Baba akainuka, akaweka mkono juu ya tairi la meno madogo, akamwita muuzaji.

"Funga haya ya kimya. Yote manne. Na upepo usinijazie kwa kukadiria, angalia kile kibandiko mlangoni, hili ni gari zito."

Akaenda kumsimamia. Nikamsikia akibishana kuhusu namba, sauti yake imerudi. Ufunguo wa Kontena aliuacha kwenye benchi, upande wake wa kushoto. Niliuangalia kwa muda mrefu, kisha nikauchukua.

Gari lile ndilo nililojifunzia, na yeye ndiye aliyenifundisha, kwa ukali ambao mume wangu angeuona angemshtaki. Jumapili nililitoa uani mimi. Baba alizunguka mpaka mlango wa mbele kushoto, akasimama, akaushika mpini wake, kisha akauachia. Akaenda kukaa nyuma. "Hicho ni cha mama yako," alisema. Saa mbili na nusu za njia hakuniambia nipunguze mwendo hata mara moja, na kwa hilo najua alivyokuwa anaumia.

Mama alitoka kwa mdogo wangu na mifuko mitatu na kikapu. Aliniona nimeshika usukani. Akatazama nyuma, akamwona baba. Wakaangaliana kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu. Kisha mama akapita mbele ya gari taratibu, akainama akalitazama tairi jipya la kushoto, akanyooka, akapanda kwenye kiti chake, akafunga mkanda. Hakuuliza kitu. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza, mlangoni, mtoto begani, na mama akamwambia, "Nitakupigia."

Tulitoka mjini. Matairi mapya yalikuwa hayasikiki kabisa, ungesikia mtu akimeza mate. Nilikuwa najivunia, naendesha vizuri, nakwepa mashimo kwa adabu.

"Mti," mama akasema, kwa sauti yake ya chini.

Kisha: "Baiskeli."

"Nimeiona, mama," nikamwambia. Nilitaka kumtua mzigo, mwaka mzima alikuwa ameubeba bila hata mmoja wetu kujua. "Mimi naona pande zote. Pumzika sasa."

"Ah. Kweli," akasema. Akaweka mikono mapajani. Kilomita moja ikapita, na nyingine. Alikuwa anaangalia kioo cha mbele kama mtu aliyeachishwa kazi.

"Mwache aseme," baba akasema kutoka nyuma.

"Baba, mimi naona."

"Wewe unaona," akasema. "Mimi sioni. Mwache aniambie."

Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikatazama barabara, kwa sababu kulikuwa na barabara ya kutazama. Mama aligeuza kichwa kidogo, si sana, kiasi cha sauti kufika nyuma. Hakutangaza hatari tena, hatari zilikuwa zangu.

"Nyumba ya bati jipya," alisema. "Mtoto na mpira. Wanawake watatu wanacheka, sijui wanacheka nini. Mti mwingine. Huu una maua."

"Ya rangi gani?" baba akauliza.

"Njano," mama akasema, na hakuhitaji kupandisha sauti.